Kumwita Hakimu Mheshimiwa, na Jirani Baba

Karani wa mahakama ya mwanzo alinifundisha mlangoni. "Ukiitwa, simama wima. Mtazame hakimu usoni. Kila jibu, anza na Mheshimiwa. Umeelewa, kijana?"

Nilielewa. Tatizo lilikuwa magoti yangu. Kwetu, huku upande wa Nyarugusu, mdogo akisemeshwa na mkubwa huchuchumaa na kutazama chini. Nimelelewa hivyo tangu sijaanza darasa la kwanza.

Mama alikuwa anadai kipande cha shamba. Jirani yetu alisema ni chake, na alitaka kuwauzia wachimbaji wa dhahabu. Baba yangu alikwisha kufariki, hivyo shahidi wa mama nilikuwa mimi tu. Kipande kile ndicho kilichotulisha.

Jirani alianza. "Mheshimiwa mtukufu, kiongozi wetu, mama yetu mpendwa..."

"Mheshimiwa moja inatosha, mzee," hakimu akasema. Alikuwa mwanamke, umri wa dada yangu mkubwa.

Nikaitwa. Nilisimama, lakini aliponiuliza jina la baba nikajikuta nimechuchumaa, macho sakafuni.

"Unaona, Mheshimiwa?" jirani akasema. "Hata kukutazama hawezi. Mwongo huyo."

Mama aliinuka kwenye benchi kabla hajaruhusiwa. "Mimi ndiye niliyemlea hivyo, Mheshimiwa. Angekutazama usoni, nyumbani tungesema hana adabu."

Karani akamwambia aketi. Hakimu akanigeukia. "Heshima yako nimeipokea," akaniambia. "Sasa simama, nisikie sauti. Macho weka popote."

Nikasimama, nikautazama mguu wa meza yake. Nikaeleza kwamba mpaka ni ule mstari wa minyaa, na kwamba nilikuwepo ilipopandwa.

"Nani alipanda?"

"Mheshimiwa, baba yangu alipanda. Baba huyu ndiye aliyeshika kamba ili mstari unyooke."

"Baba yupi?"

Nikamwonyesha jirani kwa kiganja, maana mkubwa hanyooshewi kidole.

"Huyo ni mdaiwa," karani akanisahihisha.

"Ndiyo. Baba ndiye aliyeshika kamba. Walipomaliza walikunywa togwa kwetu."

Sikuweza kumwita vinginevyo. Kumwita mdaiwa ningeona kama namtukana.

Hakimu akamgeukia. "Mzee, ulishika kamba?"

Jirani alikunja kofia yake mapajani, akaikunjua. Nilidhani ataanza tena na watukufu wake. "Nilishika," akasema.

Siku ya hukumu mahakama ilisema kipande ni cha mama, na mpaka ni minyaa. Mama alitangulia nje akijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Jirani alikuwa peke yake kwenye ngazi. Sikujua kama ataniitikia. Nikachuchumaa. "Shikamoo, baba."

Alikawia mpaka miguu yangu ikaanza kufa ganzi.

"Marahaba," akasema. "Inuka, mama yako anakusubiri."