Panya Karibu na Mkono wa Mama

Juzi paka wangu aliangusha mjusi juu ya ndala zangu, nikakumbuka mchana mmoja nyumbani Lubumbashi. Mama alikuwa na malaria, na bukari, ugali wake wa mchana, ilikuwa imepoa kando yake bila kuguswa. Paka wetu alipanda kitandani, akaweka panya karibu na mkono wake. Chumba kilinuka makaa na damu.

"Huyu paka iko mulozi!" shangazi alipiga kelele, akakamata gunia. "Analeta kifo! Naenda kumutupa!"

Nilimwamini, nikalia, nikidhani panya amekuja kumchukua mama. Sikujua kwamba paka huleta windo lake pale anapojisikia salama.

Mama alifungua macho, akamtazama yule panya kwa muda mrefu.

"Mulamu, acha paka," alimwambia shangazi, wifi yake. "Munipe ile bukari, asiniletee panya ingine."