Mwimbaji Asiye na Mabega

Jumamosi nilikuwa Majengo, dukani kwa Mhindi mmoja, nikisubiri kupimiwa sukari. Mwenye duka alikuwa akijaribu santuri mpya, na sauti ya mwanamke aliyeimba wimbo wa kanisani kwa Kigogo ikatunyamazisha sote.

Mzee mmoja wa kanisa akavua kofia. Nyuma yangu alisimama mwanamke ambaye mzee huyo huyo alimtoa kwenye kwaya kwa kosa la kutikisa mabega akiimba. Mzee akamgeukia.

"Umesikia, binti? Hivyo ndivyo anavyoimbiwa Mungu. Kwa utulivu."

"Shikamoo, mzee. Huyo ni mimi."

Mzee akaitazama santuri, akamtazama mwanamke, akairudia santuri.

"Wewe?"

"Mimi. Mzungu mmoja mwenye mashine ya kunasa sauti alituita waimbaji bomani kwa Bwana Shauri wa wilaya. Na siku hiyo, mzee, nilitikisika mpaka kilemba kikaanguka."

Mwenye duka alicheka hadi sukari yangu ikamwagika. Mzee hakucheka. Aliinunua ile santuri, nami nikadhani kesi imekwisha.

Kesho yake kanisani nikakuta meza mbele, na juu ya meza santuri inaimba. Mzee akatuambia tuige adabu yake. Kweli, jamani, santuri haina mabega. Mwenye sauti alikuwa benchi la nyuma, kimya, maana adhabu yake ya kutolewa kwaya ilikuwa haijaisha. Nilipogeuka kumtazama, mabega yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka.