Zamu ya Olla Kuno

Habibo Kuno hakuingia mahali penye watu bila kuuliza, "Nani wa mwisho hapa?" Aliuliza benki, aliuliza hospitali, aliuliza kwenye mfereji wa maji mtaani. Aliuliza hata dukani kwa Kanana, wakati hapakuwa na mtu ila Kanana mwenyewe na kompyuta zake kuukuu zikihema kwa joto.

"Wa mwisho ni wewe, Mama Ikra, na wa kwanza ni wewe. Keti," Kanana alizoea kumjibu.

Habibo alicheka. Kesho yake aliuliza tena.

Kwa muda mrefu Kanana alidhani ni adabu tu. Baadaye akaja kuelezwa kwamba mzee Kuno, baba yake Habibo, alikuwa abba herega, yaani yule ambaye Waborana humkabidhi kazi ya kupanga zamu kisimani: nani anyweshe leo, nani kesho, mifugo ya nani itangulie na ya nani ingoje. Mtoto aliyelelewa na mtu kama huyo huijua foleni kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Walijuana siku zile duka lilipokuwa saiba, mahali pa watu kulipia kompyuta na intaneti. Kanana alikuwa ameteremka kutoka Meru na kompyuta zake, akapanga chumba katikati ya mji wa Isiolo, jirani na hoteli ambayo Habibo alikuwa akiipelekea maziwa ya ngamia. Siku moja, akimngojea mwenye hoteli, Habibo alichungulia ndani akamkuta Gerishon, kijana wa chuo cha ualimu, akicheza gemu iliyoitwa Nchi ya Vumbi. Ndani ya gemu ile mtu hujichagulia sura na jina, kisha huzurura jangwani pamoja na wachezaji wa dunia nzima. Hupigana na majitu, hujenga, hufuga. Habibo alikaza macho kwenye kioo.

"Huyo ngamia amefungwa vibaya," akasema.

Gerishon akageuka. "Basi kuja umfunge wewe."

Akaja, na hivyo ndivyo alivyoanza.

Mwaka ule ukame ulikuwa umemaliza ngamia wa mzee Kuno kule Sericho. Boma lao, olla kama wanavyoliita, likatawanyika. Huyu akaenda Garbatulla, yule Merti, Habibo akaja mjini kuuza maziwa ya ngamia wa watu wengine. Kwa hiyo alipojua kucheza, hakutafuta upanga kama wenzake. Alijenga boma la miiba, akaliita Olla Kuno, akawaandikisha Kanana na Gerishon kuwa watu wake. Kila ngamia aliyempata mle ndani alimpa jina la mmoja wa wale waliokufa.

Kisha wenye gemu wakaifunga. Siku hiyo Habibo aliketi mbele ya kioo cheusi kama mtu aliye matangani, akasema innalillahi, akainua mitungi yake ya maziwa na kwenda zake. Kanana hakuisahau siku ile. Wapo watu wanaoweza kufiwa na kitu ambacho hakikuwahi kuwapo.

Miaka ikapita. Saiba ikawa duka la kuchapa na kupiga picha za pasipoti. Gerishon akawa mwalimu kule Ngaremara, akaota kitambi. Halafu, mwaka huu, akaingia dukani na simu mkononi.

"Mama Ikra yuko wapi? Nchi ya Vumbi inafufuliwa!"

Wenye gemu wapya walikuwa wakiwaita wachezaji wa zamani waijaribu kabla haijafunguliwa kwa wote. Maboma ya kale yamehifadhiwa, ujumbe ulisema, lakini kwa sharti moja. Boma ambalo watu na mifugo yake hawatakuwa wamekunywa maji ya Kisima Kikuu kabla ya majaribio kwisha Jumapili jioni, litafutwa pamoja na vyote vilivyomo.

Habibo alisikiliza mpaka mwisho.

"Watawafuta hata ngamia?"

"Wote."

Akausugua mfuniko wa mtungi kwa kidole gumba. "Ule ukame wa kwanza sikuweza kuufanya kitu," akasema. "Huu nitapigana nao."

Ijumaa baada ya swala waliingia. Olla Kuno ilikuwa imesimama, miiba yake imara, na ngamia wakitafuna kama walioachwa jana. Habibo akawaita kwa majina, polepole: Gurracha, Dalacha, na wengine. Kanana akajifanya anafuta vumbi kwenye kipanya.

Kisimani walikuta umati. Maji yalikuwa machache, na chini yake lilikuwa limelala jitu la mchanga. Wachotaji wakizidi kwa pamoja, jitu huamka na kuua kila aliye karibu. Habibo akamwambia Gerishon aandike kwa Kiingereza, "Nani wa mwisho hapa?" Vicheko vikajaa kwenye kioo. Mmoja akajibu, "Ni wewe, nyanya." Habibo akasimama nyuma, akangoja zamu ambayo haikuwapo. Makundi yakarukia maji, jitu likaamka, wote wakafa, na kisima kikakauka hadi kesho yake.

"Mama Ikra, hapa si Sericho!" Kanana akafoka. "Hawa hawajui zamu. Sukuma!"

"Nisukume mtu kisimani? Baba akisikia huko kaburini?"

"Baba yako hana kompyuta!"

Gerishon alicheka mpaka akakohoa. Habibo hakucheka.

Jumamosi wakasukuma. Habibo alikubali, midomo imebana, wakajipenyeza katikati ya umati kama mbuzi waliotoroka zizini. Jitu likaamka mapema kuliko jana. Safari hii likamkanyaga Dalacha, na katika gemu hii mpya mtu akifa hurudi, lakini mnyama akifa harudi. Habibo alitazama ile nafasi tupu zizini, akainuka.

"Njia niliijua," akasema, "nikafuata yenu."

Usiku ule Kanana hakula vizuri. Aliona kichekesho kumlilia ngamia wa kuchorwa, lakini aliisukuma sahani kando.

Jumapili alipotoka kanisani alimkuta Habibo amesimama mlangoni pa duka, na Gerishon nyuma yake.

"Salaam aleikum. Fungua."

"Leo huulizi nani wa mwisho?"

"Leo sitauliza. Leo nitapanga."

Hakuwapeleka kisimani. Aliwapeleka mbali nacho, mahali ambapo njia hupenya katikati ya miamba miwili, akawalaza ngamia wake kuziba njia. "Mnyama mwenye kiu asione maji kabla ya zamu," akaeleza. "Akiyaona hatashikika, na mtu ni hivyo hivyo." Kundi la kwanza lilipofika likazuiwa. La pili likafika, la tatu, na matusi yakaanza kumiminika.

"Huyu anauliza nani alikupa cheo, bibi wa ngamia," Gerishon akasoma.

"Mwambie hakuna. Halafu muulize, hapo kisimani amekufa mara ngapi?"

Gerishon akaandika. Jibu likachelewa. "Anasema ameacha kuhesabu."

"Basi apange foleni."

Akaruhusu kundi dogo kuliko yote, watu wawili na punda wao. Wengine wakangoja kwa kunung'unika. Wale wawili wakanywa, wakajaza viriba vyao, wakarudi. Jitu halikutikisika. Habibo akaacha kisima kipumue, ndipo akaita kundi la pili. Matusi yakapungua. Kisha akatokea mgeni, hata bendera ya nchi yake hawakuijua, akaandika mwenyewe: "Nani wa mwisho hapa?"

Gerishon akapiga meza. "Umeona? Umeona, Mama Ikra?"

"Nimeona. Mwambie yuko nyuma ya yule wa kofia nyekundu."

Mchana ukasonga. Makundi yalikunywa na kuondoka, na Kanana alikuwa na jicho moja kwenye saa ya ukutani. Stima ikayumba, taa zikafifia, zikarudi. Akamgeukia Habibo.

"Na sisi? Tungekunywa kwanza, Habibo!"

"Mwenye kupanga akinywa kwanza, zamu imekufa."

Walipofika kisimani hatimaye, jua la Isiolo lilikuwa limeshuka chini ya bati la jirani. Habibo akateremsha ndoo. Ikapanda na tope. Akateremsha tena. Tope. Muda uliobaki haukutosha kisima kujaa tena.

Ndipo wakarudi wale wawili wenye punda. Hawakuandika kitu. Walifungua kiriba chao, wakamimina maji kwenye hori, mbele ya Gurracha. Nyuma yao akaja yule wa kofia nyekundu, naye akamimina. Wakafuata wengine, waliotukana na waliocheka, kila mmoja akitoa katika yale maji aliyoyapata kwa zamu. Walikuja mmoja mmoja, kwa foleni. Ngamia wakainamisha shingo. Habibo akanywesha wote, akamnywesha Gerishon, akamnywesha Kanana, naye akanywa mwisho.

Maandishi ya dhahabu yakajaa kioo: Olla Kuno imesalimika.

Gerishon akapiga kelele hadi muuza miraa wa nje akaingia kuuliza nani amekufa. "Hakuna aliyekufa!" Kanana akamwambia, akicheka na kulia. "Wamekunywa! Wote wamekunywa!" Habibo alipiga kigelegele kimoja kirefu, kile cha harusi, kikavuka barabara na watu wakageuka.

Mvua zilirudi mwaka huu huu. Huqa, kaka yake Habibo, alikuwa amekusanya ngamia wachache kule Sericho, akamwita nyumbani wafufue boma la baba yao. Kanana alimsindikiza mpaka kwenye lori. Kina mama walikuwa wamejipanga kupanda; Habibo akauliza nani wa mwisho, akasimama nyuma yake. Huko aendako mtandao ni wa kubahatisha, na Kanana hajamsikia tena tangu siku hiyo. Kila jioni, kabla ya kufunga duka, huingia Nchi ya Vumbi na kunywesha ngamia wa Olla Kuno.

Siku hiyo lori lilikuwa limeshaanza kuondoka Habibo alipoinuka juu ya magunia, akishika shela yake isipeperuke, akaita:

"Kanana! Gurracha akikataa kunywa usimpige. Mwite kwa jina lake!"