Nimeiombea Timu Yetu, Hakuna Aliyesema Amina

Leo nimeharibu sala ya ofisini.

Bosi, shabiki mkubwa wa timu yetu hapa Makambako, aliniambia: "Karani, tuombee mechi ya mchujo ya Jumamosi."

Mimi, ambaye barua yangu ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwake!

Nikamkumbuka kipa wetu, anayeruka mpira ukiwa umeshatulia wavuni. Nikaogopa kumdanganya Mungu.

"Bwana, utupe moyo wa kupokea matokeo."



Badala ya kuitikia amina, bosi akafumbua macho. "Kijana, unatuzika tungali hai?"

"Hapana, mkuu."

"Basi rudia. Na utaje mabao."

Nikataja matatu. Amina ikatikisa madirisha.

Barua ataisaini Jumatatu, akishayaona hayo matatu.

Jamani, mnaomjua kipa wetu, nianze kutafuta kazi nyingine?