Mayai Chini ya Jani

Majuzi harusini Takaungu, mjomba alisimulia tena kisa chake cha kuchekesha: jinsi mama yake, yaani bibi yangu, alivyolilia mayai ya wadudu. Watu wakaangua kicheko. Mimi niliweka sahani ya pilau chini nikatoka nje, maana ningebaki ningemvunjia heshima.

Nikueleze wewe, kwani wao hawakuniuliza. Miaka ya themanini bibi alikuwa na bustani uani: mchicha, kunde, bamia, na mndimu karibu na kisima. Kila asubuhi, chai ya iliki ikingali jikoni, tulipita mimi na yeye tukigeuza majani. Yai la duara, la manjano hafifu, lililokaa peke yake kwenye jani changa la mndimu, ni la kipepeo. Hilo huzaa kiwavi mlafi, basi tulilibandua. Yaliyosimama wima, yamebanana kama punje za mahindi, ni ya wale wadudu wekundu wenye madoadoa meusi, walao vidukari, vile vijidudu vifyonzavyo utomvu wa majani. "Hayo usiyaguse," alikuwa akisema. "Hao ni wageni wetu."

Siku moja tulikwenda matangani Matsangoni. Mjomba, aliyekuja likizo kutoka Mombasa, alibaki nyumbani. Tuliporudi, harufu ya dawa ilitupokea mlangoni. Majani yote yalikuwa meupe, wadudu wekundu wametapakaa chini, miguu juu. Naye kasimama na bomba mgongoni, anatabasamu.

"Mama, nimekupumzisha. Kugeuza jani moja moja ni mambo ya kale."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Lakini mama, ni mayai ya wadudu tu!"

"Ungeniuliza yepi."

Bibi aling'oa mchicha wote kwa mikono yake, na kunde pia, akavifukia, kwani hangewalisha wajukuu sumu. Ndiyo, alilia. Mjomba alicheka, kisha akaenda kuoga. Hakuomba radhi siku ile, wala bibi alipougua, wala tulipomzika.

Vidukari walirudi upesi, na wa kuwala hakuna tena. Bamia zikanyauka. Mjomba akamwaga saruji ua mzima, akasema sasa pasafi. Ukienda leo hutapata hata jani moja la kugeuza.

Kabla ya saruji, mndimu ungali umesimama, nilimvuta bibi mkono asubuhi moja twende tukautazame. Akaniambia macho yake hayaoni tena vitu vidogo. Haikuwa kweli. Jioni ile ile nilimwona akitunga uzi kwenye sindano, ukapita mara moja.