Chini Kuko Sawa

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la milango miwili, na nilipolinunua lilikuwa limeshachoka. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, nami ndiyo kwanza nimepata kazi ya ufundi katika gereji ya malori huko Changamwe. Kijana mwenye akili zake angejenga chumba, au angeoa, au walau angemnunulia mama yake kitanda cha maana. Mimi nilinunua gari. Kisha nikatumia miaka sita na karibu kila mshahara kulibadilisha liwe gari jingine.

Nilikata springi ili likae chini. Nikalitia bomba pana la moshi. Halafu nikalifungia turbo niliyoitoa kwenye mabaki ya gari lililogongwa, ile mashine iliyojikunja kama konokono ambayo huchukua nguvu ya moshi unaotoka na kuitumia kuisukumia injini hewa zaidi. Kazi hiyo niliifanya Jumapili baada ya Jumapili, uani kwetu Likoni, mama akinitazama kutoka mlango wa jikoni. Ukikanyaga mafuta, kwanza halikutokea jambo. Kisha mluzi ulianza mahali fulani mbele ya miguu yako, ukapanda, na gari likakubandika mgongo kwenye kiti. Hakuna raha niliyowahi kuipata iliyoishinda hiyo, na nasema hivi nikijua vizuri inavyonionyesha.

"Hilo gari lako lina pumu," mama alikuwa akisema kila alipousikia ule mluzi. "Lipeleke hospitali."

Kutu niliileta mwenyewe. Kutoka Likoni kwenda Changamwe ilikuwa lazima nivuke feri mara mbili kwa siku, na maji yakijaa sana mawimbi hupanda mpaka pale magari yanapoingilia. Magari ya wenzangu yalipita yakilowesha matairi tu. Langu, kwa vile nilikuwa nimelishusha ili lipendeze, lilikomba maji ya chumvi kwa tumbo. Na dawa ya kutu iliyojulikana na kila mwenye gari wa upande wetu ilikuwa oili chafu, ile iliyokwisha kazi kwenye injini, ambayo watu hupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Unaingia chini na brashi, unapaka kila pembe, chuma kinang'aa cheusi na moyo unatulia. Nilipaka kila mwisho wa mwezi. Ila sikuwahi hata siku moja kuosha kwanza kwa maji matamu. Kumbe nilikuwa naifungia chumvi ndani, kisha naifunika vizuri isije ikasumbuliwa. Na mimi ni fundi! Siku niliposhika bisibisi nikaigonga sakafu upande wa abiria, ilipita mpaka nikaona mchanga wa uani.

Basi tufike miaka ya tisini mwanzoni. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alikuwa na ndugu mmoja tu wa kiume, mjomba wangu, mzee mkulima kama yeye, na mwaka huo mjomba akatangaza kwamba anakwenda Hijja. Kwa mama ilikuwa sawa na kuambiwa mlango umefunguliwa na unakaribia kufungwa. Mwanamke wa kwetu hakusafiri safari ile bila maharimu, mwanamume wa damu yake wa kuandamana naye, na maharimu zake waliobaki duniani walikuwa wawili: mjomba, aliyekuwa akikohoa asubuhi mpaka anashika ukuta, na mimi, niliyekuwa na gari. Mwaka huu au basi. Kila mtu nyumbani alilijua hilo bila kulisema.

Akiba yake ya makuti na mihogo ilikuwa haijatosha. Kilichopungua, gari lingeweza kukijaza. Nikamwambia nitaliuza kabla hajaniomba, na sikusema kwa wema, nilisema kwa aibu, maana miaka ile yote yeye alikuwa akisuka makuti nami nikinunua mabomba.

Kisha akaniwekea sharti.

"Liuze, mwanangu. Lakini anayelitaka umbainishie aibu zake zote, usimfiche hata moja. Nyumba ninayokwenda haiendewi na pesa ya kumghilibu mtu."

Nikakubali upesi. Sharti la namna hiyo ni jepesi sana kabla hujapata mnunuzi.

Wa kwanza alikuwa mwenye teksi kutoka Mjambere, mtu nadhifu, kanzu imepigwa pasi. Alilizunguka gari, akalipenda. Nilimwonyesha kutu ya milango, nikamwonyesha ya chini ya kioo cha mbele, na nilikuwa najikusanya kumwonyesha sakafu wakati mama alipotoka jikoni na kisu chake cha kumenyea mihogo. Labda aliona nakawia. Akamwamkia mgeni kwa adabu zote, akafungua mlango, akainua zulia, akachoma kisu kwenye sakafu. Kikazama mpaka mpini.

"Na hapa pia, baba," akamwambia. "Usije ukasema hukuambiwa."

Yule bwana akashukuru kwa dhati, akasema Mungu ampe mama kheri, akaenda zake na hakurudi.

Wa pili alikuwa karani kijana wa kutoka bara, aliyesikia habari za turbo na kuja na tamaa machoni. Nilimpeleka mpaka barabara kuu, nikamsikilizisha mluzi, akapiga kelele za furaha. Tuliporudi nikamwonyesha sakafu. Akachungulia, akacheka.

"Boss, hii ni gari ama ni chujio?"

Wakaja wengine. Nilisema yote niliyoyajua, moja baada ya moja, kama mtu anayejisomea mashtaka. Hakuna aliyenitukana. Walinisifu kwa ukweli wangu, wakaniacha na gari langu. Wiki ya tatu nilikuwa naiona kila sifa kama tusi. Nilikuwa na hasira na wanunuzi, na kutu, na mjomba aliyekuwa akituma salamu kila siku kwamba majina na pesa vinatakiwa kwa msimamizi wa safari ifikapo Jumatatu ya wiki fulani. Na nilikuwa na hasira na mama, kwa kutaka vitu viwili visivyokaa pamoja.

Hapo nikalipeleka Chaani, kwa fundi wa bodi niliyemfahamu. Sikumweleza mengi. Alikata madebe matupu ya mafuta ya kupikia, akayalaza juu ya matundu, akayashika kwa vichomeleo vichache, akaziba kingo kwa puti, ule udongo wa kusawazishia bodi, akapiga rangi nyeusi. Mimi mwenyewe nikaingia chini na kupaka oili chafu juu ya yote. Siku mbili baadaye ungedhani ni sakafu ya kiwandani. Nilimwambia mama limepelekwa kufanyiwa usafi, na kwa kiasi fulani ndivyo.

Mnunuzi nilimfuata mimi, Miritini, mahali malori yanapolala, ili mama na kisu chake wawe mbali. Alikuwa dereva wa lori wa masafa marefu, mtu wa bara, wa umri wangu, Mkristo mwenye msalaba mdogo unaoning'inia kwenye kioo cha lori lake. Sikio lake lilizoea turbo za malori, na alipoisikia yangu alitabasamu peke yake. Aliniuliza maswali ya injini, yote nikayajibu kwa kweli, na injini kwa kweli ilikuwa nzuri. Nikamwonyesha kutu ya milango. Nikamwonyesha ya chini ya kioo. Akapiga magoti, akachungulia uvunguni, akaona weusi unaong'aa.

"Na chini?" akauliza.

"Chini kuko sawa," nikasema.

Hakuchungulia tena. Alikuwa amekwisha kuniona nikitaja kutu nyingine kwa hiari yangu, akaniamini kwa sababu hiyo hasa. Tukapeana mkono.

Nyumbani mama alikuwa ameketi kwenye mkeka. Nikamkabidhi pesa. Hakuzigusa kwanza.

"Umembainishia?"

"Nimembainishia, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akaniwekea kiganja kichwani akaniombea dua, ndefu, kwa sauti ndogo, nami nimeinamisha kichwa. Tangu siku ile nimefanyiwa mengi mabaya na watu, na hakuna lililoniumiza kama ile dua.

Siku zilizofuata alianza kuomba radhi. Ndiyo ada ya kwetu: anayekwenda Hijja huzunguka kwa jirani, jamaa, kila aliyewahi kuuziana naye au kutupiana naye maneno, amwambie nimekukosea nijualo na nisilolijua, niwie radhi. Na yule hujibu: nimekuwia radhi. Wengine hulia, wengine hucheka, lakini sijapata kusikia mtu akimnyima msafiri jibu hilo. Mama alizunguka mtaa wote wa kwetu. Alikwenda mpaka kwa mwanamke waliyekuwa hawasemezani kwa sababu ya mbuzi aliyekula miche, wakaachana wote wawili wamevimba macho. Nilikuwa nikimwona anavyozidi kuwa mwepesi kila jioni, uso unafunguka, na mimi nazidi kuzama.

Msimamizi wa safari alikuwa apewe pesa Jumatatu. Jumamosi mama alisema anavuka kwenda Changamwe kwa rafiki yake wa zamani. Nikamsindikiza mpaka feri. Sikufikiri lolote. Ningejua mama yangu ni mtu wa namna gani, ningefikiri.

Alasiri nikausikia mluzi. Ulikuja ukipanda kutoka barabarani, nikautambua kabla sijanyanyua kichwa. Gari likaingia uani kwetu, dereva wa Miritini kwenye usukani, mama pembeni yake. Kabla hajashuka niliona ameketi miguu imekunjwa juu ya kiti. Mbele ya kiti, mahali pa kuweka miguu, palikuwa na ubao. Kando ya ubao debe lilikuwa limebanduka, na mchanga wa uani unaonekana.

Alikwenda kumwomba radhi mtu aliyenunua kitu cha nyumba yake, nami mwenyewe nilikuwa nimemtajia kwamba mnunuzi ni dereva wa Miritini. Miritini mbona si mbali, aliniambia baadaye, na mwenye gari lenye pumu haulizwi mara mbili. Alimwuliza kama alibainishiwa kutu ya sakafu. Yule dereva, Mungu ambariki popote alipo, alijaribu kuzungukazunguka. Mama akamwuliza tena, naye hakuweza kumdanganya mwanamke wa umri wa mama yake. Akamwambia maneno yangu matatu.

Sasa pale uani dereva alikuwa amesimama na aibu ambayo haikuwa yake.

"Mama, mimi sina maneno na huyu," alisema. "Hiyo kitu inachomelewa. Mimi nimesamehe, enda tu safari yako."

"Umesamehe haki yako, mwanangu, na Mungu akulipe," mama akamjibu. "Lakini mimi nitasimama pale niseme nimeitika wito wa Mungu, na kilichonifikisha ni urongo?"

Akafungua fundo la leso, akamrudishia pesa zake zote. Dereva alizikataa. Akazikataa tena. Mwisho akazipokea kwa mikono miwili, akaniwekea funguo juu ya boneti bila kunitazama, akaondoka kwa miguu kuelekea feri. Nilimwita nimpeleke. Alipunga mkono tu, hakugeuka.

Nilingoja mama anigombeze. Nililihitaji hilo. Badala yake akaenda kwa mjomba kumwambia asiandike jina lake, akakaa huko mpaka karibu na magharibi. Mjomba alisafiri peke yake mwaka ule. Alirudi mgonjwa, na mwaka uliofuata tukamzika, na hapo maharimu nikabaki mimi, nisiye na kitu. Gari hatimaye lilikwenda kwa mtu aliyetaka injini tu. Mwili wake alikuja kuuchukua mnunuzi wa vyuma chakavu, akaupakia kwenye mkokoteni vipande vipande, na malipo yake yalitosha sukari na unga.

Lakini jioni ile ya Jumamosi, aliporudi kutoka kwa mjomba, mimi nilikuwa nimeketi chini, mgongo kwenye tairi. Akaja akachutama mbele yangu, kwa taabu, maana magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Akanishika mkono.

"Nimewazunguka wote," akasema. "Umebaki wewe."

"Mama, husafiri tena."

"Najua. Radhi haingoji safari. Nilikutwika jambo zito, nikawa nakutazama likikulemea, na sikukutua, kwa vile niliitamani mno ile safari. Niwie radhi, mwanangu."

Jibu lake ni maneno mawili. Watoto wadogo wa mtaa walikuwa wamempa wiki ile bila kuacha kucheza. Mimi nilifungua mdomo, na nikaona kwamba nikiyasema nitakuwa ninakubali kwamba yeye ndiye aliyekosa, na nikinyamaza nitakuwa ninamnyima. Nikanyamaza. Alingoja huku amenishika mkono, akangoja tena, mpaka ikaadhiniwa magharibi. Akainuka kwa kushikilia mlango wa gari, akaenda kutawadha.

Aliishi miaka minne baada ya hapo. Tulikuwa tukila sahani moja, tukizungumza kila siku, na kila siku nilijiambia nitamjibu.