Daftari la Mlinzi wa Mnara

Nakumbuka siku ile nilipomkuta Papa Kazadi akiandika, mwanangu, na moyo wangu ukamhukumu pale pale.

Nilikuwa fundi kijana kwenye mnara wa simu, mtaa wa Katuba. Juu kabisa, karibu na antena, tulikuwa tumefunga visanduku vya redio. Ndivyo vinavyorusha sauti za watu hewani. Kimoja kilikuwa kikizima ovyo, na upande mzima wa mtaa ukibaki bila réseau, mtandao wa simu. Wezi wa nyaya walikuwa wengi miaka hiyo, nami nilimshuku kila mtu, hata mpita njia aliyetazama juu.

Papa Kazadi, mlinzi wetu, mzee mpole aliyetoka Kasai, alikuwa na daftari la shule. Kila nilipokaribia alilificha ndani ya koti. Siku hiyo nilimnyang'anya. Niliona saa, alama, na siku gari letu lilipokuja. Nikalipeleka kwa mkubwa wa kazi, nikamwambia: huyu anawaonyesha wezi nyakati zetu. Mzee hakuulizwa neno; aliitwa mwizi mbele ya watu, akafukuzwa. Alibeba kiti chake akaondoka kwa miguu, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisifu.

Kisanduku kiliendelea kuzima.

Ndipo chef wetu, msimamizi wa mafundi, Mama Ngoie, aliyepanda minara kabla yangu, akaomba lile daftari. Alilisoma taratibu, ameketi ndani ya gari.

— Hii alama ya matone, weye ulizani njo nini?

— Sijui, chef.

— Njo mvua. Kila mvua ikinyesha, réseau inakatika. Huyu papa alikuwa anatusaidia. Kile kisanduku, nani alikifunga?

Nilichukua mkanda wa kupandia. Ni mimi niliyekifunga. Nilipanda nikakuta kifuniko kidogo cha nyaya, ubavuni, hakikukaa sawa. Mpira wake umejikunja, maji yanaingia, pini zimeota kutu ya kijani. Nikakumbuka nilivyoharakisha kushuka siku nilipokifunga, mawingu yakijaa.

Nilienda Naviundu, nyumbani kwa Papa Kazadi, kumwomba msamaha. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

— Sasa, papa, juu ya nini ulikuwa unaficha daftari?

— Maandishi yangu iko mubaya, mutoto yangu. Weye ulisomaka masomo mingi. Niliona haya.

Aliitwa arudi kazini, akakataa.

— Pale walishaniita mwizi mbele ya batu bote.

Pini zile nilizisafisha kwa saa moja. Jina lake sikuweza.

Mwanangu, sikufichi, hata leo mimi ni mtu wa kushuku, na kazi hii inataka jicho kali. Ila anza na mkono wako. Kagua ulichokifunga wewe kabla hujapekua koti la mwenzako. Na ukimshuku mtu, muulize mwenyewe, halafu ungoje jibu, hata kama unaona umeshalijua.

Mungu akupe subira ya kuuliza. Akulinde unapopanda, akurudishe chini mzima, na watu wa nyumbani kwako wakupokee kwa furaha.